Stesheneri ya Ng'ong'ona: wenye kazi za hesabu someni hapa

Wakuu, kama uko Dodoma na una risachi yenye alama nyingi, pale Ng'ong'ona njia ya kwenda UDOM kuna kontena la bluu lina printa mbili na mashine ya kubaindi, wamenitolea kopi 4 za disatesheni ya masta na nimeridhika mno, ngoja niwaeleze maana nilishaumia kabla ya kufika pale.

Mara ya kwanza nilipeleka mjini, sehemu siitaji. Nimeacha flashi asubuhi, jioni nakuta PDF yangu wameihamishia kwenye Word eti waipange vizuri, kila palipokuwa na λ (lamda, herufi ya Kigiriki) pamekuwa kiboksi. Peji 94!! Nikalalamika wakarudia, safari hii alama zipo ila kubaindi kumemeza picha upande wa kushoto, na hiyo picha ndiyo roho ya sura ya tatu.

Picha yenyewe ni ya nini. Kazi yangu ni mifumo inayointegrika, yaani miendo inayotatulika kikamilifu, ndani ya jiometri ya aljebra, hesabu ya maumbo yanayotokana na milinganyo. Chukua mtoto anachezesha pia, ile ya kuzungusha kwa kamba, inazunguka huku inayumba, ukichukua pia ya umbo lolote tu milinganyo ya mwendo wake kwa kawaida haitatuliki kwa fomula. Lakini kuna pia chache zenye vitu vya kutosha visivyobadilika muda wote wa mwendo, nishati ikiwa kimojawapo, na hapo mwendo wote unanyooka, unakuwa safari ya kasi ileile juu ya torasi, umbo kama tyubu ya baiskeli, ila daimensheni zake zinaweza kuzidi. Euler ana pia yake, Lagrange yake, halafu 1888 mama Mrusi, Sofia Kovalevskaya, akapata ya tatu, alichofanya ni kuuchukulia muda kama namba changamano (zile zenye mzizi wa −1 ndani yake) badala ya namba ya kawaida, basi majawabu yakajionyesha. Akademia ya Sayansi kule Paris ikapandisha zawadi kutoka faranga 3,000 hadi 5,000. Huyo mama namheshimu sana.

Sasa 1987 Mwingereza Nigel Hitchin akaonyesha kwamba kevu ya namba changamano, ambayo ukiichora inakuwa uso wenye matundu kama tyubu zilizoungana, inazaa mfumo wa namna hiyo yenyewe, bila pia wala kamba. Unachukua kevu yenye matundu 2, juu yake unaweka matriksi φ (jedwali la namba) ya 2 kwa 2 ambayo jumla ya ulalo wake ni sifuri, inabadilika kadiri unavyotembea kwenye kevu, kisha unaandika det(λ − φ) = 0, det ni determinanti, namba moja inayotolewa kwenye matriksi, mlinganyo huo unakupa kevu nyingine iliyolala juu ya ile ya kwanza, hii ina matundu 5, na ndiyo iliyo kwenye ile picha. Toa 2 kwenye 5, unabaki na 3. Na 3 ndiyo daimensheni ya torasi ya mfumo huu, na vitu visivyobadilika navyo ni 3 hivyohivyo!! Siku nimeihesabu kwa mkono nikaona zinalingana nililala saa nane usiku kwa furaha.

Kwa hiyo ukinipotezea λ hakuna kevu ya pili. Na ukinimezea tundu moja, msomaji anahesabu 4, anatoa 2, anapata 2, hoja yote imekufa.

Turudi Ng'ong'ona. Dada wa pale hakugusa Word kabisa, kafungua PDF kama ilivyo, katoa peji tatu za majaribio bure, akaniambia kaka angalia alama zako kwanza. Na kijana wa kubaindi alipofika kwenye picha akauliza, "Kaka, matundu ni mangapi hapa?" Nikamwambia matano. "Basi tukibana hivi utabaki na manne, moja linaingia mgongoni." Hajasoma hayo mambo, ila kahesabu! Wakasogeza maandishi wakaacha inchi moja na nusu kushoto, tundu la tano likatoka zima. Supavaiza alipofungua aliikagua ile peji akapita bila neno, na mimi ndicho nilichotaka.

Bei, peji nyeusi 100, rangi 500, hadikava 12,000 kwa kopi. Rangi naona iko juu kidogo, mimi nilikuwa na peji 11 za rangi kila kopi, fanya hesabu mwenyewe. Jenereta hawana, umeme ukikata mnasubiri wote, na kuanzia saa kumi jioni foleni ya wanachuo inatoka mpaka nje. Halafu upepo wa Dodoma mnaujua, mlango wa kontena uko wazi muda wote, karatasi wanazibana na jiwe, ukipokea kazi yako hesabu peji palepale kabla hujapanda bajaji.

Nenda asubuhi saa mbili, beba PDF siyo Word, na kama una picha waonyeshe kabla hawajaanza kubana.