Uzoefu wangu: Kolo na Kondoa, mara tatu ndani ya mwaka mmoja

Nimeishi Dodoma mjini miaka 11 kabla ya kukanyaga Kolo, kijiji cha Kondoa chenye michoro ya kale kwenye miamba, na jambo hilo linaniuma mpaka leo. Wala si mbali. Barabara ya Dodoma hadi Babati, kilomita 251, ilizinduliwa rasmi mwaka 2018 ikiwa lami tupu. Ukitoka mjini alfajiri, chai unakunywa Kondoa. Kolo iko mbele kidogo, zaidi ya kilomita 20, kijiji kiko pembezoni mwa barabara hiyohiyo. Mabasi ya Babati na Arusha yanapita hapo kila siku, na abiria wengi wanapita wamelala.

Tangu Julai mwaka jana nimekwenda mara tatu: kiangazi cha baridi, mwanzo wa mvua, na mwisho wa mvua. Wengi wananiuliza mwezi gani ndio mzuri. Jibu langu ni kwamba mwezi mbaya sijauona, ila kila msimu unataka maandalizi yake. Na anayekwambia kwamba Kolo ni mahali pa kwenda mara moja, kupiga picha na kugeuza, huyo hakukaa.

Mara ya kwanza tulikwenda mimi, mume wangu na watoto wetu wawili. Julai Kondoa kuna baridi ya kweli; mji uko juu, zaidi ya mita 1,300 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa asubuhi unapenya mpaka kwenye mifupa. Bebeni masweta. Ofisi ya mambo ya kale iko palepale kijijini Kolo pamoja na makumbusho madogo. Unajiandikisha, unapewa namba ya malipo, unalipa kwa simu, unachukua risiti, unapewa mwongozaji. Nawasihi msiruke hatua hii hata mkikutana na mtu barabarani anayesema anaijua njia. Nitaeleza kwa nini.

Mwongozaji wetu alikuwa mzee wa makamo, Mrangi wa hapohapo. Watoto walimpa shikamoo, akaitikia marahaba, akawauliza majina yao na wako darasa la ngapi kabla ya kutuuliza sisi wakubwa chochote. Nikajua tumepata mtu.

Kutoka kijijini unafuata njia ya vumbi, unavuka mto Kolo ambao kiangazi ni mchanga mtupu, kisha gari linaishia na miguu inaanza. Mlima una mwinuko mkali. Mtoto wetu mdogo, wa miaka sita, alipumzika mara tatu, na mzee alimngoja kila mara bila kuonyesha haraka. Huko juu ndiko Mungomi wa Kolo, mwamba mkubwa ulioinama kama paa la baraza.

Kwa dakika mbili za kwanza sikuona kitu. Madoa mekundu tu, kama kutu kwenye bati. Nikaanza kukata tamaa kimoyomoyo, na nadhani mzee aliona usoni mwangu. Akasema, "Mama, usihangaike. Kaa chini kwanza, macho yazoee." Tukakaa. Akachuma unyasi mkavu, akausogeza mbele ya jiwe bila kuligusa, kama upana wa kidole hivi katikati, akawa anafuata mstari polepole: mguu, paja, kiuno chembamba, bega, kisha kichwa kikubwa cha duara kama cha mtu aliyefumua nywele. Nikamwona. Mtu mrefu, mwembamba, mwili umejazwa mistari midogo kama nyuzi. Baada ya huyo wa kwanza wengine walikuja wenyewe. Juu yake mwingine. Pembeni mnyama. Binti yangu alianza kuhesabu kwa sauti, akapotea hesabu, akaanza upya. Tulikaa pale zaidi ya saa nzima na hakuna mtoto aliyeomba simu.

Mzee alitueleza kwamba rangi nyekundu ni udongo wa madini ya chuma, na kwamba walioichora walikuwa wawindaji na wachuma matunda. Wasandawe, ambao wapo mpaka leo upande wa Kwa Mtoro na Farkwa, ndio wanaotajwa kuwa na uhusiano nao wa karibu. Michoro myeupe, kama ile ya kijiji cha Pahi, ilikuja baadaye na ni ya wakulima. Mary Leakey, mtafiti wa mambo ya kale, alipiga kambi huku mwaka 1951 pamoja na mumewe Louis, wakanakili michoro kwa mkono, mstari kwa mstari. UNESCO iliyaingiza maeneo haya kwenye urithi wa dunia mwaka 2006: eneo la kilomita za mraba 2,336, lenye mapango yanayokadiriwa kuwa kati ya 150 na 450. Wewe unaonyeshwa matatu, manne, ukijitahidi. Ndiyo maana nasema mara moja haitoshi.

Kuna mchoro mmoja Kolo wa watu watano wamesimama kwa mstari, wa katikati anaonekana mwanamke, na wa pande zote mbili kama wanamvuta. Leakey aliona ni watu wanamgombania. Wengine waliokuja baadaye wanaona ni ngoma, ile ya simbo ya Wasandawe, ambapo mtu anapandwa na kuingia katika hali nyingine. Mzee alitupa maelezo yote mawili, kisha akawageukia watoto: "Ninyi mnaona nini?" Binti yangu akajibu, "Wanacheza." Mzee akatikisa kichwa kukubali kama amesikia hoja ya mtu mzima.

Safari ya pili ilikuwa Desemba, na wenzangu wanne wa kazini. Hapa nina la kulalamika. Tulikodi gari mjini, na mwenye gari alituapia kwamba linafika Kolo mpaka chini ya mlima. Lilikuwa gari la chini, la kuvuta matairi mawili. Mvua zilikuwa zimeanza siku chache nyuma, mto ulikuwa umeshapitisha maji na kukauka tena juu juu, na mchanga wa namna hiyo unakudanganya: unaonekana mgumu, ndani ni uji. Matairi ya mbele yalizama mpaka kwenye ekseli. Wakulima waliokuwa wanapanda shambani jirani waliacha kazi yao, wakaja na majembe na matawi, wakatutoa kwa karibu saa mbili. Nilipompigia mwenye gari kumwambia aturudishie japo sehemu ya pesa, alikata simu. Kwa hiyo: msimu wa mvua chukua gari la juu linalovuta matairi yote manne, au panda basi mpaka Kolo kisha bodaboda za kijijini. Vijana wale wanaujua mto. Usipopitika wanakwambia haupitiki, na wanamaanisha. Patana bei kabla, ya kwenda, kusubiri na kurudi.

Siku hiyohiyo, kabla ya hayo ya mchanga, ofisini tuliambiwa tungoje. Wazee walikuwa Mungomi. Mahali pale Warangi bado wanafanya matambiko, ya kuomba mvua na ya wagonjwa, na wakiwa juu wageni hawapandi. Mwenzetu mmoja alinung'unika kwamba tumeshalipa. Mimi nilimwambia waziwazi kwamba sisi ndio tumebisha hodi kwenye nyumba ya watu. Tulikaa kwenye makumbusho, tukanywa chai kijijini, tukapanda mchana. Nilipofika juu mara hii sikuona michoro tu. Kuona jivu bichi chini ya mwamba, na kujua kwamba asubuhi ileile kuna mtu alisimama hapa akiombea shamba lake, kulinibadilisha namna ya kutazama.

Hapo pia ndipo mzee alipotuonyesha mashimo. Watu wanakuja usiku kuchimba wakitafuta dhahabu ya Mjerumani, kwa uvumi kwamba Wajerumani walifukia mali milimani wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Na kweli mwaka 1916 palikuwa na mapigano makubwa Kondoa Irangi. Mali haipo. Kilichopo ni sakafu ya pango iliyovurugwa, na hiyo sakafu ndiyo yenye mawe ya kale, mifupa na vigae ambavyo vingetueleza nani alikaa hapa na lini. Niliumia sana kuona shimo moja lililofika usawa wa goti, karibu kabisa na ukuta wenye michoro.

Aprili ndiyo safari niliyoipenda kuliko zote, na ndiyo wasiyoitarajia wengi. Milima ya Irangi ilikuwa kijani mpaka kwenye upeo wa macho, alizeti zimechanua kando ya barabara. Kutoka juu ya Mungomi unaona makorongo mekundu yaliyochanika ardhini kama majeraha ya zamani, na ndani yake miti imesimama. Mzee alisimulia jinsi hali ilivyokuwa mbaya: mifugo mingi, ardhi imekwisha. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi. Haikuwa rahisi kwa wenye ng'ombe, na aliposimulia habari ya zizi la baba yake sauti ilimshuka. Lakini msitu unaouona leo ulirudi baada ya hapo. Sikutegemea safari ya kutazama michoro inifundishe udongo.

Aprili vaa viatu vyenye meno, mawe yanateleza, na nyasi ni ndefu, kwa hiyo tembea nyuma ya mwongozaji kwa sababu ya nyoka. Toka mapema, mvua nyingi tulizokutana nazo zilianza alasiri.

Sasa lile nililoahidi. Tulipofika juu tulikuta kundi la vijana lililoletwa na mtu waliyemwokota barabarani. Mmoja alikuwa anamwagia ukuta maji ya chupa ili picha zikolee kwenye simu. Ni kweli zinakolea, kwa dakika moja. Lakini maji yanavuta chumvi iliyomo ndani ya jiwe, yakikauka inabaki juu kama ukungu mweupe, na chini yake rangi inakwenda. Mzee hakufoka. Alimwendea yule kijana, akaipokea chupa kwa mikono miwili kama anayepokea zawadi, akaifunga kifuniko, akamrudishia. Kisha akamwonyesha sehemu ya mwamba iliyofubaa kabisa, nyeupe, akamwambia, "Hapa palikuwa na twiga. Mimi nilimwona." Kijana aliomba radhi. Lakini michirizi ya maji ilikuwa bado inashuka ukutani, na sote tulikaa kimya tukiitazama mpaka ikauka.

Malazi nayaeleza kwa ufupi: lala Kondoa mjini, gesti zipo za bei ya kawaida, uliza maji kama yanatoka kabla hujalipa. Nyumba moja tuliyolala Desemba ilitupa ndoo moja kwa vyumba viwili. Chakula hakina shida. Kuku wa kienyeji kwa ugali na mlenda, na usiondoke bila alizeti safi iliyokamuliwa hapohapo. Mimi nilirudi na dumu la lita tano na limeshakwisha.

Pamebaki Fenga, mahali pengine pa michoro, kwenye mchoro wa tembo aliyezungushiwa kitu kama uzio au mtego. Binti yangu anaukumbusha kila wiki. Juzi nilimpigia mzee kuuliza kama njia inapitika. Akanijibu kwamba mto bado una maji, tungoje kidogo, na akauliza yule mdogo siku hizi anapanda mlima bila kupumzika au bado.