Kifaa cha moto wa elektroniki kwenye Beetle ya 1600: uzoefu wangu

Ukiwa na gari la zamani na pesa ya kubana, ushauri unaousikia kila kona ni kabureta: toa iliyopo, weka kubwa, ikiwezekana weka mbili. Mimi pesa yangu niliipeleka kwenye distribyuta, yaani kigawa moto wa plagi: nilifunga kifaa cha moto wa elektroniki, na nikipata Beetle nyingine leo nitaanzia hapohapo.

Injini yangu ni ile ya Volkswagen ya sisi 1584 (ujazo wa silinda zote), inayopozwa kwa hewa, ambayo kiwandani ilihesabiwa nguvu za farasi 50. Zikiwa chache hivyo, hata ukipoteza tano tu mguu unakwambia. Gari lilikuwa linawaka kwa kubembelezwa, kwenye mlima gia ya tatu inachoka mapema, na ukikanyaga mafuta ghafla linamisi.

Kifaa chenyewe kinaingia ndani ya distribyuta ileile, mahali pa platini (swichi ndogo inayokata umeme ili plagi zipate moto) na kondensa yake. Kuna pete yenye sumaku inayovishwa kwenye shafti chini ya rota, na kisensa kinachokata umeme wa koili (inayozalisha umeme mkali wa plagi) kila sumaku inapopita. Waya ni mbili tu, moja upande chanya wa koili na nyingine upande hasi. Ukisharudisha kifuniko, kwa nje hakuna kilichobadilika, na kwa anayependa gari lake libaki na sura ya zamani hilo si jambo dogo.

Kwa nini nilikitaka? Platini ni chuma kinachogongana na chuma. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3000 kwa dakika, platini zinafunguka mara 100 kila sekunde. Kile kisigino kinachosuguliwa na kamu kinalika taratibu, nafasi ya milimita 0.4 inapungua, na moto unazidi kuchelewa. Dereva anazoea. Siku anapoendesha gari la mwenzake ndipo anashangaa kwamba injini ileile inaweza kuvuta.

Niseme wazi: kifaa peke yake hakiongezi farasi hata mmoja juu ya wale wa kiwandani. Kinachorudisha nguvu ni taimingi, yaani wakati moto unapowaka ndani ya silinda, na kazi ya kifaa ni kuizuia isihame. Anayekifunga halafu akaondoka bila kuseti chochote atapata gari linalowaka vizuri asubuhi, basi.

Na utamu wa kazi hii uko chini ya bamba la platini. Pale kuna vizito viwili vinavyotakiwa kutanuka mwendo ukipanda, ili moto uwahi. Vya kwangu vilikuwa havisogei. Grisi ya miaka imekauka ikawa ngumu kama gundi. Mafuta ya taa, mswaki mkuukuu, tone la oili kwenye kila kiungo, kisha ukizungusha rota kwa vidole na kuiachia, inarudi yenyewe kwa springi. Usafi huo haukunigharimu chochote, na naamini ndio ulionirudishia nguvu nyingi kuliko kitu kingine.

Kabla ya taimingi niliseti tapeti (nafasi ya valvu), milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa. Kisha puli, lile gurudumu la mkanda kwenye mwisho wa injini. Kama puli yako haina alama za digrii, zungusha uzi ukingoni, pima urefu wake, gawa kwa 12: hizo ndizo digrii 30. Tia alama ya chaki umbali huo upande wa kulia wa alama ya pistoni kufika juu. Chomoa mpira wa vakyumu (unaotumia mvuto wa hewa ya injini kuwahisha moto) na uuzibe, washa taa ya taimingi inayomulika alama za puli, pandisha mzunguko mpaka alama iache kusogea, na ukaze distribyuta chaki ikiwa imesimama kwenye mstari wa kati wa injini. Usivuke hapo kwa tamaa. Kwenye injini nyingi za Beetle silinda ya tatu ndiyo inayopata joto zaidi, kwa sababu kipoza oili kinakaa kwenye njia ya hewa yake, na ukisikia injini inagonga mlimani ujue umeiwahisha kupita kiasi.

Matokeo? Stati moja na inawaka. Sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, imetulia, haikatiki nikisimama. Mlima uleule uliokuwa unanilazimisha kurudi gia ya pili sasa naumaliza na ya tatu, na kumisi kumekwisha.

Kuna ya kulalamikia pia. Karatasi ya maelekezo ni ya hovyo: haikusema chochote kuhusu koili, wakati koili yenye ukinzani mdogo inaweza kukiunguza kifaa. Changu kinataka angalau omu 3, kwa hiyo pima kwanza. Ukiacha swichi imewashwa injini ikiwa imezimwa, kinapata moto na kinaweza kufa. Wenye magari ya Uingereza ya zamani ambayo bodi imefungwa upande chanya wa betri waulizie toleo lao maalumu, maana waya zikigeuzwa kifaa kinakufa papo hapo. Na kikifa hakikupi dalili kama platini zinavyofanya. Gari linazima barabarani. Platini zangu za zamani na kondensa yake nimezifunga kwenye mfuko, zinakaa ndani ya gari pamoja na bisibisi.

Jambo jingine: wengi watakuuzia distribyuta ya 009 isiyo na vakyumu. Kwa kabureta ya kiwandani, Solex 34 PICT-3, mara nyingi inaleta kusitasita pale unapoanza kukanyaga mafuta. Kama distribyuta yako ya vakyumu haijachakaa, baki nayo.

Kabla ya kununua, pima kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda zote nne. Ikiwa moja imeanguka mbali na wenzake, weka pesa hiyo kwa ajili ya valvu au ringi, kifaa kitasubiri.