Nyota ya Mzee kwa fundi wa nishani wa Pretoria: mkono safi, ila MK hawaijui

Mzee wangu ana nishani tatu. Kwa miaka mingi zilikaa kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, zimechanganyika na vitambulisho vya zamani na picha za Kongwa, kambi yao ya zamani huko Tanzania. Ya kwanza ni Nyota ya Ushujaa ya Fedha, waliyotunukiwa wapiganaji wa Umkhonto we Sizwe, yaani MK, jeshi la ukombozi la chama cha ANC. Ya pili ni nishani ya utumishi ya MK hiyohiyo. Ya tatu ni Unitas, ile ya kuunganishwa kwa majeshi mwaka 1994. Mwaka jana akatamka kwamba tarehe 16 Desemba atazivaa zote. Afrika Kusini siku hiyo inaitwa Siku ya Maridhiano, lakini kwa Mzee ni siku MK ilipoanzishwa, 1961, na humtoi hapo.

Basi nikazipeleka kwenye duka moja la Pretoria linalopanga na kushona nishani. Jina silitaji. Waliniomba radhi vizuri, na fundi wenyewe wanaye mmoja tu.

Mkono wa huyo fundi sina neno nao. Tepe za Mzee zilikuwa zimefifia na moja ilikuwa imeliwa na nondo. Akaweka mpya, zikalingana urefu utadhani zimekatwa kwa wembe mmoja, na zile kuukuu akanirudishia ndani ya bahasha bila mimi kuomba. Wengi hutupa. Nyuma akaweka pini mbili badala ya moja, kwa hiyo koti la Mzee, ambalo ni jepesi, haliinami upande. Nyota yenyewe hakuisugua. Niliogopa sana hapo, maana nimewahi kuona nishani ya mzee mwingine iliyosuguliwa kwa dawa ya kung'arishia vijiko hadi alama zake zikalika.

Shida ilikuwa mpangilio. Nishani huanzia upande wa vifungo vya koti, yenye heshima kubwa ikitangulia, nyingine zikifuata kuelekea mkono wa kushoto. Ya ushujaa haikai nyuma ya nishani ambayo askari aliipata kwa kuwepo tu. Nilipofungua boksi nikakuta Unitas imetangulia, na Nyota iko mwisho kabisa, imesukumwa kwapani.

Nikamuuliza yule mama wa kaunta. Akatoa karatasi yake iliyopigwa plastiki: juu zimepangwa nishani za jeshi la zamani, chini za jeshi la sasa, kuanzia Nkwe ya Gauta, yaani Chui wa Dhahabu, na wenzake za mwaka 2003. Katikati hapakuwa na kitu. Nyota zilizoundwa mwaka 1996 kwa ajili ya MK hazikuwemo, wala zile za APLA, jeshi la ukombozi la chama cha PAC. Kumbe fundi alidhani ile ni beji ya chama, akaibandika pembeni kwa adabu.

Mzee alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, fimbo katikati ya magoti. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba beji ya chama anayo, iko nyumbani, aliinunua mwenyewe. Hii aliitunukiwa na Rais, na Rais wa mwaka ule alikuwa Mandela. Yule mama akasema, "Samahani, Ntate," yaani baba, akaandika kwa kalamu pembeni ya karatasi yake. Natumaini hayo maandishi bado yapo, kwa ajili ya atakayefuata.

Kwa kuwa kazi ilikuwa inafumuliwa, Mzee akaomba na jambo la pili. Mara ya kwanza nilichagua mimi: nishani zibanwe kwenye ubao uliofunikwa kitambaa, zitulie, zisigongane. Ndivyo duka linavyoshauri, na ndiyo njia inayozitunza. Mzee akakataa. Anataka zining'inie. Yule mama akaeleza kwamba zitakwaruzana, na zitapiga kelele kila akitembea.

"Ndiyo," Mzee akasema. Halafu akanigeukia, akaendelea kwa Kiswahili chake cha Kongwa, ambacho mpaka leo kina lafudhi ya mama yangu kuliko yake. Mwaka 1967, kabla ya kuvuka Zambezi na kikosi cha Luthuli cha MK kuingia Wankie, Rhodesia ya wakati huo, Zimbabwe ya leo, kila chombo chenye kugonga kilifungwa kitambaa: chupa ya maji, kijiko, kamba ya bunduki. Usiku mzima mwendo wa paka. Baadaye wakakamatwa Botswana, wakafungwa, na huko pia hakuna aliyewataka wapige kelele. "Sasa mimi ni mzee. Acha zilie."

Sikuwa nimewahi kuisikia habari ya vijiko.

Gharama ilikuwa randi 850 kwa nishani tatu, tepe zikiwemo, na marudio hawakunitoza. Si rahisi, ila ni haki kwa kazi niliyoiona. Muda ndio ulioniudhi: waliahidi wiki mbili, zikaenda tano, na simu yao inapokelewa kwa kubahatisha. Tena pale dukani kuna kabati la kioo limejaa nakala za nishani, na sikuona mtu akiulizwa hati yoyote kabla ya kuuziwa. Mzee alilitazama lile kabati muda mrefu, kisha akaomba twende.

Kama una nishani za mzazi wako za MK au APLA, fundi huyu mpe, lakini mpangilio umwandikie mwenyewe kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, na uipige picha. Usimwachie akisie. Na mwambie mapema kama unataka za kubanwa au za kuning'inia.

Kwangu ni nyota tatu na nusu. Desemba 16 Mama alikuwa jikoni, akamsikia Mzee anakuja koridoni kabla hajamwona, akacheka hadi akaweka mwiko chini. Kufikia Januari Nyota ilikuwa na mkwaruzo mdogo kwenye ncha moja, pale inapogongana na jirani yake, kama yule mama alivyosema. Nikajitolea kuirudisha ikabanwe. Mzee amelificha boksi.