Vidani vya mawe na waya kutoka karakana moja ya Arusha: kazi ya kutazamwa kwa nyuma

Tathmini hii inahusu vidani viwili vya mawe yaliyofungwa kwa waya katika karakana ndogo ya fundi mmoja jijini Arusha. Kimoja nilikinunua kikiwa tayari mezani, na kingine niliagiza kitengenezwe kwa jiwe langu mwenyewe. Naandika kwa kirefu kwa sababu vidani vya aina hii vimejaa katika maduka ya zawadi, kuanzia Arusha hadi Zanzibar, na wanunuzi wengi huvitazama kwa mbele tu, ilhali ubora wake umejificha nyuma ya jiwe na kwenye ncha za waya.

Kidani cha kwanza ni cha jiwe la Longido, lile la kijani lenye madoa mekundu na michirizi myeusi, ambalo limekuwa likichimbwa eneo la Mundarara tangu miaka ya 1950. Ukijani huo ni zoisaiti, wekundu ni rubi, na weusi ni hornblendi. Tofauti hiyo ya madini ndiyo inayompa kazi mchongaji, kwa kuwa katika kipimo cha Mohs ugumu wa rubi ni 9 na wa zoisaiti ni takriban 6.5, hivyo jiwe linapong'arishwa sehemu ya kijani hulika mapema na rubi hubaki imeinuka kidogo. Ukipitisha kidole gumba juu ya uso wa jiwe, hata lililong'arishwa vizuri, utavihisi vilima hivyo. Fundi huyu alivitumia. Alilaza nyaya nne za shaba nyekundu ubavuni mwa jiwe, akazibana pamoja kwa waya mwembamba uliobapa upande mmoja, kisha akazivuta mbili za mbele zipande kidogo juu ya ukingo na kutua kwenye mabonde yaliyo kati ya rubi na rubi. Waya uliotua bondeni hauna pa kuteleza. Angeupitisha juu ya rubi yenyewe, ungekuwa umekaa juu ya kilima, na kugongwa kidogo tu kungetosha kuusogeza.

Jiwe linashikiliwa na nyaya peke yake, bila tone la gundi. Jambo hili nalipa uzito kuliko urembo wote wa mizunguko ya mbele, kwa kuwa gundi hulegea kwa jasho na joto, na ikishalegea jiwe hudondoka na mwenye kidani asijue limedondokea wapi. Njia ya kupima ni rahisi: kiweke kidani karibu na sikio, kitikise, na ukisikia jiwe likicheza ndani ya nyaya, kirudishe mezani. Kisha pitisha mgongo wake juu ya mtandio wa shifoni au kitambaa chochote chepesi. Ncha iliyokatwa na kuachwa bila kupigwa tupa itavuta uzi papo hapo. Kidani changu kilipita bila kunasa popote, na nilipokigeuza niliona kwamba ncha zote zimekunjwa kuelekea kwenye jiwe, zikafichwa chini ya mizunguko ya waya mwembamba, mahali ambapo haziwezi kugusa ngozi wala nguo.

Shaba yenyewe inahitaji maelezo, kwa sababu wauzaji wengi hawayatoi. Waya wa shaba una historia ndefu katika nchi zetu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka pwani ilibeba masango, yaani nyaya nene za shaba, kwenda bara, na watu wa bara wakayageuza kuwa bangili na mapambo ya shingoni. Siku hizi baadhi ya mafundi hutumia waya wa kusukia mota, ambao umepakwa vanishi ya kuzuia umeme. Waya huo hung'aa vizuri dukani na hukaa muda bila kufifia, lakini vanishi ikichubuka, palipochubuka hubadilika rangi kabla ya pengine na kidani huonekana kana kwamba kina ugonjwa wa ngozi. Fundi huyu alitumia shaba tupu, na aliniambia bila kuulizwa kwamba itakuwa nyeusi na huenda ikaacha alama ya kijani shingoni. Imekuwa hivyo. Weusi ule umeingia katikati ya mizunguko ya waya na kuifanya ionekane wazi zaidi, na kwa maoni yangu umekipendezesha kidani.

Kidani cha pili ndicho kilichonipeleka pale. Nilikuwa na kipande cha tanzanaiti ghafi, kirefu na chembamba, ambacho sikutaka kikatwe. Tanzanaiti nayo ni zoisaiti, ndugu ya ule ukijani wa Longido, ila yenyewe ni angavu na hupata rangi yake ya buluu kutokana na metali ya vanadi. Iligunduliwa Mirerani mwaka 1967. Ni jiwe zuri lenye udhaifu wa aina mbili: hupasuka kwa urahisi kufuata upande mmoja wa fuwele yake, na joto la ghafla linaweza kulitia ufa. Sonara mzoefu hulehemu fremu kwanza ndipo apachike jiwe, kwa hiyo siku ya kutengeneza hakuna hatari kubwa. Hatari huja miaka ya baadaye, kitanzi cha kupitishia mkufu kinapokatika na fundi mwingine akakisogeza kidani kwenye moto jiwe likiwa bado ndani, ilhali lehemu ya fedha huhitaji joto linalozidi nyuzi 600 za Selsiasi. Kidani cha waya hutengenezwa baridi na hukarabatiwa baridi. Kwa tanzanaiti, hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuchagua waya, na ni sababu ambayo sijaisikia ikitajwa na wauzaji.

Waya nao unaweza kuliua jiwe mkononi mwa fundi mwenye pupa, kwa maana plaizi ikibonyeza mahali pabaya fuwele hupasuka. Hapa niliona umakini wa kweli. Fundi alichonga kijiti cha mti chenye unene wa jiwe langu, akakisuka kizimba chote cha waya juu ya kijiti hicho, nyaya nene za fedha zikiwa nguzo na waya mwembamba ukifumwa kati yake, kisha akakichomoa kijiti na kuliingiza jiwe kupitia upande wa juu alioacha wazi. Mikunjo ya mwisho aliikaza kwa vidole. Plaizi ilitumika sehemu ya juu tu, kwenye kitanzi, bila kugusa jiwe, na midomo yake alikuwa ameizungushia utepe ili isiache makovu kwenye fedha.

Kasoro ilikuwa kwenye kitanzi hicho hicho. Alikitengeneza kwa waya laini uliokuwa mwembamba kupita kiasi kwa uzito wa kidani, na baada ya kukivaa kwa muda nikaona kinarefuka na kubadilika kutoka duara kuwa kama tone la maji. Nilikirudisha. Hakubishana wala hakuomba nyongeza. Alifumua sehemu ya juu, akakisuka upya kwa nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, kwa kuwa waya wa fedha ukisokotwa huwa mgumu zaidi kuliko ulivyotoka kwenye bobini. Kitanzi cha pili kimekaa imara. Hata hivyo, kosa hilo lisingetokea kama angekivuta kwa nguvu kabla ya kunikabidhi, na namshauri kila mnunuzi afanye hivyo mbele ya fundi.

Lawama yangu nyingine ni kuhusu vibandiko vya bei. Mezani palikuwa na vidani vyenye waya mweupe ambavyo havikuandikwa vimetengenezwa kwa madini gani. Nilipouliza, fundi alijibu kwa uaminifu kwamba vingine ni alumini na vingine ni shaba iliyopakwa fedha, lakini mteja asiyeuliza ataondoka akiamini amenunua fedha halisi. Fedha ya 925, yaani yenye asilimia 92.5 ya fedha safi, iandikwe, na alumini iandikwe vilevile. Si aibu, ni nyepesi na inafaa kwa jiwe kubwa. Kwa bei, kidani cha Longido nililipa shilingi 40,000 pamoja na jiwe, na ufundi wa kile cha pili shilingi 60,000, fedha yenyewe ikihesabiwa kando kwa gramu mbele yangu kwenye mizani. Naziona ni bei za haki.

Mikufu anayouza pamoja na vidani siipendekezi. Ni myepesi na ndoano zake hufunguka. Nunua kidani, mkufu utafute kwa sonara.

Karakana hiyo huwa pia na vidani vya jiwe la malakiti kutoka Kolwezi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, vya kijani chenye mawimbi, vingi vikiwa vimefungwa kwa shaba, na hapo nina onyo. Shaba ikififia, watu wengi huisugua kwa ndimu na chumvi. Kwa jiwe la Longido sishauri kufanya hivyo, lakini kwa malakiti ni maangamizi, kwa sababu malakiti ni kaboneti ya shaba na asidi ya ndimu huila hadi mng'aro wake ukapotea. Kitambaa kikavu kinatosha. Mimi nikiagiza cha malakiti nitataka waya wa fedha, nitataka kitanzi cha nyaya mbili tangu mwanzo, na nitamwomba fundi akisuke chote juu ya kijiti kama alivyofanya kwa tanzanaiti, kwa kuwa ugumu wa malakiti ni kati ya 3.5 na 4 tu, na mdomo wa plaizi ya chuma huichora kwa mguso mmoja.