NVMe moja ya kazi na RAID 1 ya kutunzia: uzoefu wangu kwenye PC ya kuediti video

Wakuu, mi naediti video za harusi na sendofu nyumbani hapa Dar, na vijana wanaoanza hii kazi wananiuliza sana kama wafunge hadi diski (hard disk) mbili kwa RAID 0 (RAID ni kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja) mashine ikimbie au wanunue SSD (diski ya chipu, isiyozunguka). Nishatumia vyote viwili. Nunua NVMe (aina ya SSD yenye kasi zaidi) moja nzuri ya kazi, RAID iwe ya kutunzia mzigo.

RAID 0 inagawa faili vipande kwenye diski mbili, kwa hiyo ukikopi faili moja kubwa spidi inakaribia mara mbili, hilo ni kweli kabisa. Ila kuediti sio kukopi faili moja. Kamera ya 4K inayorekodi megabiti 100 kwa sekunde inataka megabaiti 12.5 tu, kamera tatu hazifiki 40, na hadi diski ya kawaida inatoa 150 mpaka 200, sasa mbona taimulaini inakwama? Ni kwa sababu kichwa cha diski kinaruka toka faili ya kamera hii kwenda ya ile, na kwenye diski ya mizunguko 7200 kwa dakika kila mruko unakula kama milisekunde 12, hapo hata ukifunga diski mbili RAID 0 huo muda unabaki palepale, wakati SSD haina kichwa cha kuruka, inajibu kabla hata milisekunde moja haijaisha. Afu kwenye RAID 0 diski moja ikifa umepoteza kila kitu, na harusi ya mtu hairudiwi.

Mi natumia Samsung 970 EVO Plus ya 1TB, inasoma mpaka megabaiti 3500 kwa sekunde. Nilichoipendea zaidi ni kwamba ukimwaga mzigo mkubwa kache yake (sehemu ya haraka inayopokea data kwanza) ikijaa bado inaandika kwa spidi nzuri, wakati SSD nyingi za bei chee zenye QLC (chipu za bei nafuu zinazoandika polepole) zikijaa kache zinashuka mpaka unaona bora hadi diski. Angalia pia usiuziwe M.2 (SSD nyembamba ya kuchomeka kwenye mazabodi) ya SATA, njia ya zamani ya kuunganisha diski, ukadhani ni NVMe, umbo ni lilelile ila ya SATA inaishia kwenye 550. Na soma kitabu cha mazabodi kabla hujanunua, bodi nyingi ukichomeka M.2 baadhi ya poti za SATA zinazimika, utakuja kutafuta diski yako huioni.

Sasa mzigo uliokamilika unaenda kwenye hadi diski mbili za Seagate IronWolf za 4TB, RAID 1, kila faili inaandikwa zote mbili. Nilizichagua kwa sababu ni CMR, yaani mistari yake ya data hailaliani. Kuna diski za SMR ambazo mistari ya data inalaliana kama mabati ya paa, ukitaka kuandika upya mstari mmoja inabidi iandike na ya jirani, kusoma ziko fresh tu ila kuandika mfululizo zinachoka vibaya, na RAID ikianza kujijenga upya ndo utalia. Mwaka 2020 Western Digital walikiri kwamba baadhi ya WD Red za 2TB mpaka 6TB zilikuwa SMR, baadae za CMR wakazipa jina la Red Plus. Kwa hiyo usiangalie jina peke yake, ingiza namba ya modeli kwenye tovuti ya kampuni uone.

RAID yenyewe nimeiunda kwa Storage Spaces, programu iliyomo ndani ya Windows, sikutaka ile ya mazabodi, maana bodi ikiungua unaanza kusaka inayofanana nayo, hii unahamishia diski kwenye Windows nyingine na inazitambua. Kabla ya hizi IronWolf nilikuwa na diski mbili za zamani, moja ikafa katikati ya kazi. Windows ikatoa taarifa, nikaendelea kuediti kama kawaida mpaka mteja akapata video yake, nikanunua nyingine nikachomeka, ikajijenga usiku kucha. Hapo ndo niliielewa thamani ya RAID 1.

Lakini jamani RAID 1 sio bakapu! Ukifuta folda kimakosa inafutika kwenye diski zote mbili sekunde hiyohiyo, virusi navyo hivyohivyo. Ndo maana nina diski ya nje inakaa kwa dada yangu, naichomeka nikikabidhi kazi tu. Na UPS (betri inayoshika umeme ukikatika) usiiache, umeme ukikatika diski zinaandika, RAID inaweza kuanza kujikagua upya na mashine yote inakuwa nzito.

RAID 5 kwa nyumbani siipendekezi, inataka diski tatu kwenda juu na kila uandishi mdogo unakuwa kazi nne, kusoma mara mbili na kuandika mara mbili.

Ukienda Kariakoo beba laptop yenye CrystalDiskInfo (programu ya kusoma hali ya diski) na kebo ya SATA kwenda USB. Duka moja walinipa diski wakasema mpya, plastiki yake na stika vizuri kabisa, kuichomeka ikasoma zaidi ya masaa 20,000 ya kuwaka, na mwaka mzima una masaa 8,760, kwa hiyo hiyo diski ilikuwa imefanya kazi miaka miwili na ushee. Niliirudisha palepale kaunta. Muuzaji akikukataza kuichomeka kabla ya kulipa, nenda duka la pili.