Bima imelipia mguu wangu wa bandia, soketi ndo tumegombana: nyota 3 kati ya 5

Nilikatwa mguu chini ya goti, huu mwaka wa pili sasa, na bima ninayotumia (jina naliacha) ndo ilinilipia mguu wa kwanza wa bandia. Niwape haki yao kwanza: operesheni na kulazwa hawakunisumbua hata kidogo, na mguu waliuidhinisha wiki 3 tu baada ya daktari kutuma barua. Siku niliposimama nililia jamani.

Sasa shida ikaja. Kigutu (kipande cha mguu kilichobaki baada ya kukatwa) hakibaki na saizi ileile, hasa mwaka wa kwanza, uvimbe unaisha na misuli inakonda, kwahiyo soketi, yani kile kikombe kigutu kinapoingia, ilokuwa inakaa vizuri mwanzoni ikaanza kucheza, nikawa naongeza soksi kwenye kigutu ili kijae, mbili, tatu, nne, mpaka ngozi ikachubuka ikawa kidonda nikarudi kwenye magongo wiki 5 nzima. Naomba soketi mpya wananijibu kifaa ni kimoja kila miaka 3. Mimi sijaomba mguu mzima! Unyayo na bomba linalounganisha unyayo na soketi viko poa kabisa, nataka soketi tu. Iliniuma sana, maana mguu usiovalika ni sawa na huna.

Rufaa ya kwanza wakaikataa. Ya pili fundi wa viungo bandia akapima mzunguko wa kigutu akalinganisha na vipimo vya mwanzo, tukaweka picha za kidonda, na daktari akaandika wazi kwamba soketi ni hitaji la kitabibu. Hayo maneno msiyasahau, hapo ndo wanapoangalia. Wakalipa, ila miezi miwili na nusu ilishapita.

Soksi ya silikoni ya ndani bado najinunulia na inachakaa haraka. Mazoezi ya kutembea wanalipia mara 6 tu, kwa mtu anaejifunza kutembea upya hazitoshi kabisa. Na kama una mtoto uliza mapema sana, mtoto anakua, karibu kila mwaka atahitaji kingine, hiyo miaka 3 atavaa nini?

Dada wa kitengo cha rufaa anapokea simu na anakusikiliza, nyota moja ni yake. Mkataba wangu unaisha mwezi ujao, nimewaomba waandike kwamba soketi inahesabiwa peke yake. Wakigoma nahama.