Linux Mint kwenye flashi: uzoefu wangu wa kuokoa mafaili Windows ilipogoma kuwaka

Windows ikigoma kuwaka, mara nyingi mafaili yako bado yapo palepale kwenye diski, hayajaguswa. Nayasema haya baada ya yaliyotupata kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma hapa shuleni. Umeme ulikatika ikiwa katikati ya kujisasisha, na betri yake ilishakufa siku nyingi. Kuanzia hapo ikawa inaonyesha nembo, vidoti vinazunguka, inazima, inaanza upya. Ndani mlikuwa na alama za kidato cha pili na maandalio ya masomo ya walimu karibu wote.

Fundi wa mtaani aliitazama kidogo akasema, "Hii ni ya kupiga Windows tu, mwalimu. Jioni njoo uichukue." Hakuuliza ndani mna nini, nami nikaibeba nikarudi nayo. Kupiga Windows, yaani kuisakinisha upya, kwa kufomati diski ndiko kunakofuta mafaili yenyewe, na mteja anapaswa kuambiwa hivyo kabla hajalipa.

Nilichotumia ni Linux Mint, mfumo wa bure unaowaka moja kwa moja kutoka kwenye flashi bila kusakinisha chochote kwenye kompyuta. Faili lake la kupakua ni kama GB 3, kwa hiyo flashi ya GB 8 inatosha. Niliuandika kwenye flashi kwa programu ya Rufus, nikitumia kompyuta ya mwalimu mwenzangu. Chukua flashi isiyo na kitu unachokihitaji, maana Rufus inafuta vyote vilivyomo.

Kisha unachomeka flashi na kuwasha kompyuta huku ukibonyezabonyeza kitufe cha kuchagua iwake kutoka wapi. HP mara nyingi ni F9, Dell na Lenovo F12. Hapa ndipo panapotaka subira: ukichelewa kidogo tu, Windows inaanza kuhangaika tena, nawe unazima na kurudia. Mint ikishawaka utaona ikoni iliyoandikwa "Install Linux Mint". Usiiguse! Fungua "Computer", bofya diski yenye ukubwa unaolingana na ya kwako, ingia "Users", halafu jina la mtumiaji. Folda ya matokeo ilikuwa pale kwenye "Desktop", na majina ya mafaili yote kama tulivyoyaacha. Nilishusha pumzi.

Diski ilifunguka kwa kusoma tu, kwa sababu Windows haikuzimwa vizuri. Hilo lisikutishe, kukopi kunawezekana, na ni usalama zaidi kwa mafaili. Nilihamishia kila kitu kwenye diski ya nje. Kama una video kubwa, hakikisha diski yako ya nje haijafomatiwa kwa FAT32, mtindo wa zamani wa kupanga mafaili kwenye diski, kwani haipokei faili moja linalofika GB 4. Mtindo wa exFAT hauna shida hiyo. Nilipomaliza ndipo nilipompelekea fundi apige Windows yake.

Kwa kazi hii naipa Mint alama za juu kabisa, ila si kila kompyuta itakubali. Kompyuta nyingi za Windows 11 diski zake zimefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows lenyewe la kuficha data, na utadaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta. Bila huo hutaona kitu. Diski ikiwa inagongagonga au inakatika katikati ya kukopi, zima mara moja umpelekee mtu anayeokoa data kwa kazi, maana kila ukiiwasha unaizidishia ugonjwa.

Na kama fundi ameshapiga Windows, usihifadhi chochote kipya kwenye diski hiyo. Programu ya PhotoRec, nayo ya bure, inaweza kufukua baadhi ya yaliyofutwa, hasa kama ni diski ya kuzunguka (HDD), si SSD. Majina ya mafaili hayarudi, kwa hiyo utafungua moja moja kujua lipi ni lipi.